Kiatu cha kupindua ni nini?

Kiatu cha kupindua ni kiatu cha ngozi kinachoshonwa nje-ndani, kisha kikageuzwa kingali kimelowa, ili mshono unaofunga soli ubaki wote ndani. Ndivyo foronya inavyoshonwa, ila hapa kinachogeuzwa ni ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3 au 4. Hiki ndicho kiatu cha kawaida cha Ulaya ya kaskazini na magharibi katika Zama za Kati, kwa tajiri na kwa maskini. Vingi vimesalia kwenye tope lisilopitisha hewa: Coppergate, mjini York, vilifukuliwa vya enzi ya Waviking, na kwenye kingo za mto Thames jijini London vimetoka vya karne ya 12 hadi ya 15.

Sababu ya usumbufu wote huo ni uzi. Katika kiatu cha namna hii uzi wa kitani ndio unaokufa kwanza. Ukipita chini ya soli, mchanga na mawe huukata ngozi ikiwa bado nzima. Hata ardhini hutangulia kuoza. Ndiyo maana mara nyingi kinachofukuliwa ni vipande vya ngozi vilivyoachana, vina matundu pembeni, na kwa matundu hayo watafiti husoma jinsi kiatu kilivyoshonwa.

Ngozi inayofaa ni iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Uingereza walitumia magome ya mwaloni. Anayejaribu kazi hii Afrika Mashariki atumie ngozi ya magome ya miwati, ile miti inayolimwa Njombe na nyanda za juu za Kenya. Ikilowa inakubali kuvutwa, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Ngozi ya kromu, iliyodabaghiwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, hurudi ilikotoka, kwa hiyo haifai hapa hata ikiwa nzuri kwa mkoba. Sehemu ya juu iwe ya mbuzi au ndama, milimita 1.5 hadi 2. Soli isizidi 4. Anayeweka soli ya milimita 6 akidhani anaongeza uimara atakwama wakati wa kugeuza, au atang'oa mshono.

Mara nyingi sehemu ya juu ilikatwa kipande kimoja kinachozunguka mguu na kukutana upande wa ndani, na pengo dogo likazibwa kwa kipande cha pembetatu. Mguu wa kulia na wa kushoto ulikuwa na soli yake. Viatu vya kuvaliwa mguu wowote vilienea Ulaya baadaye, karibu na mwaka 1600, pamoja na visigino virefu.

Kosa la kwanza la wanaoanza liko kwenye soli. Wanachora mguu kwenye karatasi, wanakata juu ya mstari, na kiatu kinatoka kipana kama mtumbwi. Kalamu inayozunguka mguu huacha mstari mkubwa kuliko wayo wenyewe, na ngozi ya juu nayo huteremka kuzunguka ubavu wa mguu. Kata ndani ya mstari kwa milimita 3 hadi 5, hasa kwenye uvungu wa mguu. Ngozi ya juu iongezwe milimita 5 au 6 za kushonea.

Vyote huwekwa kwenye kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, upande wa nyama, ule uliogusa mwili wa mnyama, ukitazama nje. Soli pia: upande wa manyoya, ule laini uliootwa nywele, ulale kwenye kalibu, kwa sababu ndio utakaokanyaga ardhi baada ya kugeuza. Shikiza kwa misumari midogo nchani, kisiginoni na pande mbili, kisha gawanya ngozi ya juu sawasawa kati ya misumari hiyo. Mzunguko wake ni mrefu kuliko wa soli, hasa kwenye vidole, na usipoigawanya mapema ziada yote itakusanyika sehemu moja na kufanya makunyanzi yasiyotoka.

Mshono wa soli ndio moyo wa kazi. Sindano ya mpini, iliyopinda kidogo na isiyo na tundu, huingia upande wa nyama wa soli na kutokea kwenye ukingo wake. Haitoboi hadi upande wa pili. Njia hiyo ipite katikati ya unene. Ikipita juujuu, ngozi hukatika uzi unapokazwa. Ikizama sana, hutokeza upande wa manyoya na uzi unaishia chini, pale pale tulipokuwa tunaukimbia. Matundu yaachane milimita 5 hadi 7. Uzi ni nyuzi kadhaa za kitani zilizosokotwa pamoja na kupakwa nta ya nyuki. Kila ncha hufungwa unywele mgumu wa nguruwe, unaopita kwa urahisi kwenye njia iliyopinda kuliko sindano ya chuma. Ncha zote mbili hupita tundu moja zikitokea pande tofauti, kisha huvutwa kwa pamoja.

Wengi waliweka katikati ya mshono utepe mwembamba wa ngozi. Utepe huo huziba maji na kulinda uzi. Ulipopanuliwa ukawa mahali pa kushonea soli ya pili, na kutoka hapo ikaja njia ya kushona kiatu bila kukipindua, iliyotawala kuanzia miaka ya 1500.

Kugeuza kunataka subira. Toa kalibu, loweka kiatu kwenye maji ya uvuguvugu hadi soli ilainike. Maji ya moto usiyaguse, hukunja ngozi na kuifanya ngumu moja kwa moja. Anza kisiginoni, sukuma soli ndani kidogo kidogo, kisha maliza vidole kwa mti wenye ncha butu. Kiatu chenye ncha ndefu, kama vya London mwishoni mwa karne ya 14, hutesa zaidi hapa. Ncha zile baadaye zilijazwa kuvumwani au nywele zisilale. Rudisha kalibu, kausha kivulini, kisha paka shahamu.

Ukiuziwa kiatu kwa jina hili, kigeuze utazame chini. Ukiona mstari wa uzi unaozunguka soli, si cha kupindua. Kisha ingiza kidole ndani pale soli inapokutana na ubavu: mshono unapaswa kuwa hapo, umetuna kidogo.