Mashine Pepe Zilizojirudia: Kabla Hujafuta, Jua Diski Ipi Inaitegemea Ipi

Maombi yanayofika kwenye dawati letu la msaada siku hizi yanafanana. Diski ya kompyuta imejaa, mwenyewe anasema ameshafuta mashine pepe zote asizozitumia (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), lakini nafasi haijarudi. Wapo wanaokuja na jambo zito zaidi: wamefuta "nakala tu", na sasa mashine ya kazi imegoma kuwaka. Kitengo cha TEHAMA kimeanza zoezi la kusafisha mashine pepe zilizojirudia, na maelezo haya yanamhusu kila anayeziendesha, awe anatumia VirtualBox, VMware, Hyper-V au KVM.

Jina unaloliona kwenye orodha ya programu si mashine yenyewe. Linaelekeza kwenye faili ndogo ya mipangilio, mathalani .vbox au .vmx, nayo inaelekeza kwenye diski pepe: .vdi, .vmdk, .vhdx au .qcow2. Uzito wote uko kwenye diski. Ukifuta mashine ndani ya Hyper-V Manager, mipangilio inaondoka na .vhdx inabaki palepale ilipokuwa. VirtualBox hukuuliza kama ufute faili zote au uiondoe mashine kwenye orodha tu. Wengi kwa woga huchagua kuiondoa tu, kisha wanalalamika kwamba nafasi haijaongezeka. VMware nayo hutenganisha kuondoa kwenye maktaba na kufuta kwenye diski. Kwa hiyo "nimeshafuta" haitusaidii. Tuambie umefuta nini, na kwa njia gani.

Kosa la pili ni la hatari zaidi, nalo hutokana na tarehe. Chukua folda ya mashine moja ya VirtualBox. Ndani yake kuna diski ya GB 38 ambayo mara ya mwisho iliandikwa miezi saba iliyopita. Kwenye folda ndogo ya Snapshots kuna faili nyingine yenye jina refu la herufi na tarakimu ndani ya mabano, GB 2 tu, iliyoandikwa leo asubuhi. Mtu anahitimisha kwamba ile kubwa ni nakala ya zamani, anaifuta. Ameua mashine. Snapshoti, yaani alama ya kurudia ya mashine ilivyo wakati huo, inapopigwa, diski ya awali huacha kuandikwa, na kila badiliko jipya huingia kwenye faili mpya. Ile kubwa ni diski mama. Ile ndogo ni mtoto anayebeba tofauti tu, na bila mama hasomeki. Tarehe ya zamani kwenye diski mama ni jambo la kawaida kabisa, wala haimaanishi kwamba haitumiki.

Hali ni hiyo hiyo kwa kloni zilizounganishwa, yaani zile zinazotengenezwa kwa sekunde chache kwa kuazima diski ya mashine nyingine. Diski mama moja inaweza kuwa na kloni tano juu yake. Programu za kusaka faili zinazofanana hazijui habari hizi. Tena hazisaidii hata kwa nakala kamili: mashine mbili zilizotoka kwenye diski moja zikiwashwa mara moja tu, kila moja imeshaandika kumbukumbu zake, na faili hazifanani tena. Tunashauri zisitumike kabisa kwenye folda za mashine pepe.

Njia sahihi ni kuiuliza programu yenyewe. Kwenye VirtualBox, amri `VBoxManage list -l hdds` huonyesha kila diski inayoijua, mahali ilipo, mama yake, na mashine inayoitumia. Palipoandikwa "base" mbele ya Parent UUID (kitambulisho cha diski mama), hiyo haina mama. Kwenye Hyper-V, fungua PowerShell kama msimamizi, andika `Get-VM | Get-VMHardDiskDrive` upate njia za diski zilizounganishwa, kisha `Get-VHD` kwa kila faili usome ParentPath. Kwa KVM, `virsh list --all`, halafu `virsh domblklist` na jina la mashine, na mwisho `qemu-img info --backing-chain` juu ya diski yake. Kwenye VMware, diski iliyogawanywa vipande huwa na faili moja ndogo ya .vmdk inayofunguka kama maandishi. Mstari wa parentFileNameHint hutaja mama.

Baada ya hapo tafuta diski zote kwenye kompyuta kwa viambishi vya majina yake (.vdi, .vmdk, .vhdx, .qcow2), linganisha na orodha uliyopata. Iliyoko kwenye kompyuta lakini haimo kwenye orodha yoyote, wala si mama wa yeyote, ndiyo yatima, nayo inaweza kuondolewa. Yatima peke yake mnaweza kuiondoa kwa kichunguzi cha faili. Mashine iliyo kwenye orodha ifutwe kupitia programu yake, na faili za .avhdx za Hyper-V (diski watoto) zisiguswe kwa mkono hata mara moja: futa checkpoint (jina la snapshoti kwenye Hyper-V) ndani ya Hyper-V Manager, uiache iunganishe yenyewe.

Sasa utaratibu kwa wanaotumia mtandao wa taasisi. Mashine inayokusudiwa kufutwa izimwe kabisa, siyo kusimamishwa kwa kuhifadhi hali, kwa sababu hali iliyohifadhiwa nayo hukalia nafasi, mara nyingi kwa kiasi cha RAM iliyokuwa ikitumika. Ibadilishwe jina, litanguliwe na FUTA na tarehe. Ikae imezimwa siku 14. Mmiliki ajaze fomu ya idhini. Kama mashine ilikuwa ya idara, mkuu wa idara ndiye anayesaini, si fundi wake. Siku 14 zikipita bila pingamizi, ifutwe, na fomu irudishwe kwetu ikiwa na njia kamili ya faili zilizoondolewa. Fomu isiyo na njia za faili hairatibiwi. Mashine isiyo na mmiliki itakayogunduliwa kwenye mtandao itakatwa mawasiliano siku hiyo hiyo, na kurejeshwa kwake kunahitaji barua. Tunakumbusha pia kwamba kunakili mashine hakunakili leseni: masharti ya mfumo endeshi na programu zilizomo ndani yanaweza kudai leseni kwa kila nakala, na anayewajibika ni aliyenakili.

Ukiamua kubaki na nakala zote mbili, zitenganishe utambulisho. VMware inapouliza kama mashine imehamishwa au imenakiliwa, jibu la "imehamishwa" huacha anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) ileile, na mbili zikiwaka pamoja zitagombana mtandaoni. Lakini kubadili MAC pekee hakutoshi kwa Linux. Mifumo inayotumia systemd-networkd (huduma ya mtandao ya Linux) hujitambulisha kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, kwa kitambulisho kinachotokana na /etc/machine-id, kwa hiyo nakala yenye MAC mpya hupewa IP ya mwenzake, na watu hushinda siku nzima wakilaumu ruta. Ndani ya nakala, futa yaliyomo kwenye faili hiyo kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`, tengeneza upya funguo za SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali) za mashine, kisha uiwashe upya. Kwa Windows, tumia `sysprep /generalize`, inayoondoa utambulisho wa mashine, kabla ya kunakili.

Jambo la mwisho ni la wale waliosubiri hadi diski ikajaa pomoni. Kuunganisha snapshoti huhitaji nafasi: mama hukua kwanza, mtoto hufutwa baadaye. Ukianza ukiwa na MB chache, kazi hukwama katikati. Hamishia kwanza faili nyingine kwenye diski ya nje, si zile za mashine, uache nafasi isiyopungua ukubwa wa mtoto. Usizime kompyuta kazi ikiendelea, hata ionekane imeganda. Kwa diski kubwa huchukua saa kadhaa. Ikigoma, usifute chochote. Tutumie matokeo kamili ya amri ya kuorodhesha diski, kwa maandishi na siyo picha ya simu iliyopigwa kiubavu.