Sheria kali za moshi wa magari: je, kweli zinasafisha hewa tunayovuta?

Sheria hizi zimemsaidia mtu yeyote, au ni makaratasi tu?

Zimesaidia, na ushahidi mzuri kuliko wote umo vifuani mwa watoto. Kusini mwa California, watafiti walipima mapafu ya watoto wa miji mitano katika vipindi vitatu kati ya 1994 na 2011, miaka ambayo sheria za magari na viwanda zilikuwa zikikazwa. Mwanzoni, watoto 7.9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 walikuwa na mapafu yenye nguvu chini ya asilimia 80 ya inayotarajiwa. Kipindi cha mwisho walibaki 3.6.

Ushindi wa dunia nzima ni ule wa kuondoa madini ya risasi kwenye petroli, sumu inayodumaza akili za watoto. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Mbona basi hewa bado ni chafu?

Kwanza, gari si chanzo pekee. Kuna kuni, mkaa, takataka zinazochomwa uani, viwanda, hata vumbi la breki na tairi. Moshi wa jikoni peke yake, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ulihusishwa na vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Pili, kuna udanganyifu. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yake yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu iliyotambua kipimo cha maabara na kupunguza gesi wakati huo tu. Ndipo Ulaya, kuanzia 2017, ikaanza kupima magari yakiwa barabarani.

Tatu, na hili linatugusa sisi: gari lililokataliwa kwao halifi, linapanda meli. Kati ya 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nchi za nje, na takribani asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sheria gani?

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, ila inaongeza ushuru kadiri gari linavyochakaa. Tangu 2015 dizeli ya ukanda huu inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na hatua hiyo ni kubwa, kwa sababu salfa huzalisha chembe za moshi na pia huharibu vifaa vya kusafishia moshi.

Lakini umri wa gari hausemi yote. Gari la miaka 6 lililong'olewa masega linaweza kuchafua kuliko la miaka 12 ambalo masega yake ni mazima.

Masega ni nini, na kwa nini hung'olewa?

Ni kile kifaa kilichotuna kwenye bomba la ekzosi, kabla ya mafla. Ndani kina vitundu vidogo kama sega la nyuki, vilivyopakwa platini, paladi na rodi. Yakishapata moto wa nyuzi 300 hivi, hugeuza gesi za sumu kuwa maji, naitrojeni na kaboni dayoksaidi. Madini hayo yana bei, ndiyo maana masega yana wanunuzi na wezi.

Mara nyingi mambo huanza hivi: plagi moja haichomi vizuri, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuungulia humo, vitundu vinayeyuka na kuziba, gari linakosa nguvu. Fundi anayang'oa, gari linakuwa jepesi, mteja anafurahi. Plagi mbovu bado ipo, na sasa moshi unatoka bila kusafishwa.

Kwenye dizeli mpya kuna DPF, chujio la masizi. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na ili lifike huko linahitaji mwendo wa barabara kuu usiokatizwa kwa dakika 20 hivi. Gari linaloshinda kwenye foleni halifiki huko, chujio linaziba. Dawa yake ni kulipeleka gari safari, si kulitoboa chujio.

Unaponunua gari, yapige masega kwa nyundo ya mpira yakiwa yamepoa: yakicheza ndani, yamevunjika. Kwa dizeli yenye DPF, futa mdomo wa ekzosi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halipo.

Rangi ya moshi inasema nini?

Mweusi: mafuta hayaungui yote, angalia chujio la hewa na nozeli. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto: huenda maji yanaingia kwenye silinda, angalia gasketi ya silinda hedi.

Barakoa ya kitambaa inamkinga bodaboda?

Dhidi ya vumbi kubwa, kidogo. Dhidi ya chembe laini za dizeli, hapana. Inayofaa ni N95 au FFP2 iliyobana vizuri puani na mashavuni. Ndevu nyingi huipunguzia kazi.

Mtoto wangu ana pumu na shule iko kando ya barabara kuu. Nifanyeje?

Omba akae darasa lililo mbali na barabara. Uchafu hupungua sana baada ya mita 150 hadi 300. Wazazi na madereva wazime injini wakisubiri getini. Asiache dawa ya kuvuta ya kinga kwa sababu tu ameamka mzima. Kazi yake ni kuzuia. Ile ya kumfungua kifua iwe kwenye begi lake na mwalimu ajue ilipo. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa hiyo papo hapo na mkimbize hospitali.