Mchujo wa kupanda daraja: ukimtoa wa nne bado hujapanda

Kila ligi zinapofika ukingoni sentensi ileile hurudi: "Tumeshinda mchujo, tumepanda Ligi Kuu." Uliza wamemtoa nani, utaambiwa wamemtoa mshindi wa nne wa Championship, ligi yetu ya pili. Basi hawajapanda. Na huko juu wenzao wanaomboleza kwamba timu yao imeshuka kwa sababu imemaliza ya 14. Nayo haijashuka. Pande zote mbili zinalia na kucheka kabla ya wakati, na kinachowachanganya ni neno moja, mchujo, linalobebeshwa mapambano matatu tofauti.

Maana kwanza, haraka haraka. Mchujo ni mechi za ziada zinazochezwa baada ya msimamo kufungwa, ili kuamua nafasi ambazo msimamo wenyewe haukuziamua. Katika utaratibu uliotumika Tanzania tangu msimu wa 2021/22, Championship ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30. Wa kwanza na wa pili wanapanda moja kwa moja. Ligi Kuu nayo ina timu 16, na zile za 15 na 16 zinashuka moja kwa moja. Hapo mchujo haujaingia. Unaingia kwa wanne waliobaki katikati: wa 13 na wa 14 wa Ligi Kuu wanakutana wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini, na mshindi anabaki Ligi Kuu. Wa tatu na wa nne wa Championship nao wanakutana nyumbani na ugenini. Kisha aliyepoteza kule juu anakutana na aliyeshinda huku chini, mechi mbili tena, na mshindi wa jumla ndiye anayecheza Ligi Kuu msimu unaofuata.

Nimesema Championship kwa makusudi. Wengi wetu bado tunaiita Daraja la Kwanza, na kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jina lake halali, ingawa ni ligi ya pili kwa ukubwa. Jina lilibadilika msimu huohuo wa 2021/22, na ligi iliyo chini yake, ya tatu, ikapewa jina la First League. Kwa hiyo leo ukimwambia mtu timu fulani "iko daraja la kwanza", mmoja anaelewa ligi ya pili, mwingine anaelewa ya tatu. Waingereza walishapita kwenye mkanganyiko huu: Premier League ilipoanza mwaka 1992, daraja lao la pili likaanza kuitwa la kwanza, hadi mwaka 2004 lilipoitwa Championship. Sisi tulifuata nyayo zao kwenye majina, lakini kwenye mchujo hatukufuata, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Mashabiki wetu wengi wameujua mchujo kupitia televisheni, na walichokiona ni ule wa Uingereza. Kule, kwa miaka mingi, wa tatu hadi wa sita wa Championship yao waliingia nusu fainali, washindi wakaenda uwanja wa Wembley, na aliyeshinda Wembley amepanda. Hakuna timu ya Premier League inayohusika. Walio juu wameshajua hatima yao zamani, watatu wameshuka, na nafasi moja imebaki wazi ikimsubiri mshindi. Kwa mtu aliyezoea picha hiyo, wa tatu akimtoa wa nne ni kama fainali imeisha. Anashangilia, na kwa hesabu za Uingereza yuko sahihi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata Waingereza walianza na mchujo unaofanana na wetu. Ulipoanzishwa mwaka 1987, timu moja ya daraja la juu ilitupwa humo pamoja na tatu za daraja la pili. Mwaka huo Charlton Athletic ilinusurika. Mwaka 1988 Chelsea haikunusurika: ilifungwa na Middlesbrough na ikashuka. Baadaye wakaachana na mtindo huo, mchujo ukabaki wa timu za chini peke yake. Wajerumani wao waliurudisha mwaka 2009 baada ya kuuacha kwa muda mrefu: timu ya 16 ya Bundesliga inakutana na ya tatu ya daraja la pili, mechi mbili, basi. Hamburg iliponea humo mwaka 2014 na tena 2015. Ukitaka ndugu wa mchujo wetu, mtafute Ujerumani. Tofauti ni kwamba sisi tumeongeza ngazi moja kila upande.

Ngazi hiyo ya ziada ndiyo inayonifanya nisiwe na subira na wanaosema kufika kwenye mchujo ni "nusu ya kupanda". Tuseme timu zote nne zina uwezo sawa kabisa na kila pambano ni bahati ya kurusha shilingi. Timu ya Ligi Kuu ina nafasi mbili za kujiokoa: ikishinda pambano la 13 na 14 imebaki, ikipoteza inapewa pambano jingine. Ili ishuke, lazima ipoteze mara mbili mfululizo. Uwezekano wake wa kubaki ni asilimia 75. Timu ya Championship haina pa kujikwaa: lazima ishinde mapambano yote mawili. Uwezekano wake wa kupanda ni asilimia 25. Hiyo ni kabla hujaweka uzoefu, mishahara, na wachezaji waliokuwa wakikutana na Simba na Yanga msimu mzima. Viti viwili vya Ligi Kuu vinagombewa na timu nne, lakini ugombeaji wenyewe hauko sawa, na haukukusudiwa kuwa sawa. Aliyemaliza wa tatu chini hajamzidi aliyemaliza wa 13 juu mpaka athibitishe, na mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Kabla ya hapo hali ilikuwa nyepesi zaidi kwa walio chini. Mwaka 2020 na 2021 timu mbili za daraja la pili zilikutana moja kwa moja na timu mbili za Ligi Kuu, kila moja na wake. Kwa shilingi ileile, hiyo ni nusu kwa nusu. Mwaka 2020 Ihefu iliitoa Mbao na ikapanda, wakati Geita Gold ilikwama kwa Mbeya City. Mwaka 2021 hakuna aliyepenya: Coastal Union iliizuia Pamba, Mtibwa Sugar ikaizuia Transit Camp. Halafu ukaja utaratibu wa ngazi mbili. Mwaka 2022 JKT Tanzania ilikwama mbele ya Tanzania Prisons. Mwaka 2024 Biashara United ilikwama mbele ya Tabora United. Mwaka 2025 Stand United, Chama la Wana wenyewe, waliitoa Geita Gold na watu wa Shinyanga wakaanza kuhesabu siku za kuwaona wakubwa tena Kambarage; Fountain Gate ikaizima hesabu hiyo. Katikati ya orodha hiyo kuna jina moja lililopenya, Mashujaa ya Kigoma mwaka 2023, iliyoitoa Pamba kwanza kisha Mbeya City. Misimu minne ya utaratibu huo, 2022 hadi 2025, timu moja. Ukitegemea ile robo ya uwezekano kwa kila timu, ungetarajia mbili.

Pamba inastahili aya yake. TP Lindanda walikaa nje ya ligi ya juu kwa zaidi ya miaka 20, na mara kadhaa mlango wa mchujo uliwafungia usoni, ikiwemo 2021 kwa Coastal Union, na 2023 kwa Mashujaa, hata kabla ya kuiona timu ya Ligi Kuu. Kila mara kulikuwa na watu Mwanza waliotangaza kwamba wakati huu wamepanda. Walipopanda kweli mwaka 2024 hawakuhitaji mchujo wowote, walimaliza wa pili nyuma ya KenGold. JKT Tanzania vilevile: baada ya kukwama 2022, msimu uliofuata walitwaa ubingwa wa Championship na kupanda moja kwa moja. Mbeya City, walioshushwa na Mashujaa, walirudi 2025 wakiwa wa pili, nyuma ya Mtibwa Sugar. Kocha wa Championship anayewaambia wachezaji wake "tukikosa mbili za juu, tutapambania mchujo" anawaambia jambo la kweli, ila anawapa njia ambayo wengi wameipita bila kufika. Tofauti kati ya wa pili na wa tatu ndiyo pengo kubwa kuliko yote kwenye msimamo ule, hata kama ni pointi moja.

Neno jingine linalovurugwa ni mtoano. Watangazaji hulitumia badala ya mchujo kana kwamba ni kitu kimoja. Mtoano ni namna ya kucheza: anayepoteza anatoka. Kombe la Shirikisho la hapa nchini ni mtoano. Mchujo ni shughuli: kuamua nani akae daraja gani, na unaweza kuchezwa kwa mtoano au vinginevyo. Pambano la wa tatu na wa nne ni mtoano, kwa kuwa aliyepoteza ameishia hapo na atabaki Championship. Pambano la wa 13 na wa 14 si mtoano hata kidogo. Aliyepoteza hajatoka popote, amesogezwa tu kwenye pambano linalofuata. Fountain Gate walipoteza kwa Prisons mwaka 2025 na siku chache baadaye bado walikuwa timu ya Ligi Kuu, na msimu uliofuata pia. Aliyeandika siku ile kwamba "Prisons yaishusha Fountain Gate" alikosea hata kabla wino haujakauka.

Kuna pia kupanda na kupandishwa, na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyoitumia. Msimu wa 2015/16, enzi za Daraja la Kwanza la makundi matatu, kinara wa kila kundi alipanda. Kwenye Kundi C mambo yakafika siku ya mwisho yakitegemea tofauti ya mabao, na matokeo yakaja 8-0 kwenye mechi moja na 7-0 kwenye nyingine. TFF, shirikisho la soka nchini, ikaziadhibu timu nne zilizohusika kwa kupanga matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapewa nafasi. Mbao ilipandishwa. Sisemi hivyo kuibeza; mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma na kuisumbua Simba hadi muda wa nyongeza, ikafa 2-1. Lakini iliingia Ligi Kuu kwa uamuzi wa mezani na ikatoka miaka minne baadaye kwa mchujo wa uwanjani, na hizo ni njia mbili ambazo mwandishi makini hawezi kuziita kwa neno moja.

Na pale timu inapobadili jina, tafadhali. Kitayosce ilipanda 2023, ikacheza Ligi Kuu kwa jina la Tabora United. DTB ilipanda 2022, ikaitwa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, na hatimaye ni Fountain Gate hiyohiyo niliyoitaja juu. Ihefu nayo ndiyo Singida Black Stars. Kila mwaka kuna anayeuliza "hawa walipanda lini?" na kila mwaka kuna anayemjibu kwamba walinunua nafasi, kwamba kuna mlango wa nyuma, kwamba mchujo ni danganya toto. Kinachopanda daraja ni klabu yenye nafasi ile, na jina lililoandikwa kwenye jezi huweza kubadilishwa kabla msimu haujaanza. Hilo unaweza kulichukia, mimi mwenyewe silipendi, ila ni mada nyingine kabisa na mchujo.

Kwa hiyo, kwa upole: timu yako ikimtoa wa nne, andika kwamba imetinga hatua ya mwisho ya mchujo. Ikimaliza ya 13 au ya 14 Ligi Kuu, andika kwamba imeangukia mchujo. Ikipoteza pambano la kwanza huko juu, imebakiza pambano moja. Na maneno imepanda na imeshuka yawekwe akiba mpaka mechi ya marudiano ya mwisho imalizike, kwa sababu hadi dakika hiyo hakuna aliyehama daraja.