Lenzi ya Jicho ya Darubini: Maana Yake na Jinsi ya Kuichagua kwa Bajeti Ndogo

Lenzi ya jicho ni kile kifaa kifupi cha mviringo ambacho mtazamaji huchomeka kwenye darubini na kuchungulia ndani yake. Katika darubini ya kioo, mwanga wa nyota hukusanywa na kioo kilichobonyea kilicho mwisho wa bomba, nacho hutengeneza taswira ndogo ambayo lenzi ya jicho huikuza. Kioo ndicho kinachoweka kikomo cha yale yanayoweza kuonekana. Lenzi ya jicho inaweza kutuonyesha yote hayo au kuyaharibu, na ndiyo maana uchaguzi wake unastahili uangalifu hata pale fedha zinapokuwa chache.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwake, kwa mfano milimita 25 au 10, ni umbali wake wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi au kioo hadi mahali miale ya mwanga inapokutana. Ukigawanya umbali wa fokasi wa darubini kwa namba hiyo, unapata ukuzaji. Darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 130 na umbali wa fokasi wa milimita 650, ambayo ni ya kawaida kwa wanaoanza, hukuza mara 26 kwa lenzi ya milimita 25 na mara 65 kwa lenzi ya milimita 10. Namba ikipungua, ukuzaji huongezeka, lakini taswira hufifia na eneo la anga linaloonekana hupungua.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa na matangazo yanayosifu ukuzaji mkubwa. Kikomo kinachofaa ni takriban mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita, yaani mara 260 kwa darubini ya mfano wetu, na msukosuko wa hewa huturudisha chini ya hapo usiku mwingi. Lenzi ya bei ya chini kabisa ya milimita 4, ikiunganishwa na lenzi ya Barlow inayozidisha ukuzaji mara mbili, ingefikisha mara 325, na kitakachoonekana ni ukungu uliokuzwa.

Muundo wa ndani nao una uzito. Lenzi za Huygens, zenye vipande viwili tu vya kioo, hazifai kwa darubini hii, kwa sababu umbali wake wa fokasi ni mara tano tu ya kipenyo chake, na miale inayoingia kwa mteremko mkali hivyo huvuruga taswira kuelekea pembeni. Kellner, yenye vipande vitatu, ni nafuu na inavumilika. Kwa maoni yangu, anayeanza na anayeweza kuongeza kidogo anunue Plössl, yenye vipande vinne na uwanja wa kuona wa nyuzi 50 hivi. Ukigawanya nyuzi hizo kwa ukuzaji, unapata upana halisi wa anga: Plössl ya milimita 32 katika darubini yetu huonyesha karibu nyuzi 2.5, kiasi kinachotosha kuiona Kilimia yote kwa pamoja.

Ningeanza na hiyo ya milimita 32 au 25, kisha ningeongeza ya milimita 10 pamoja na Barlow nzuri ya mara mbili. Ya milimita 10 ikiwekwa kwenye Barlow hukuza mara 130, na pete za Zohali pamoja na mikanda ya Mshtarii huonekana vizuri hewa ikitulia. Njia hii ina faida nyingine: Plössl fupi za milimita 6 au 4 hulazimisha jicho kukaribia lenzi mno, jambo linalochosha, ilhali Barlow huacha nafasi ya kutosha.

Kabla ya kulipa, hakikisha kipenyo cha shina la lenzi kinalingana na tundu la darubini. Kinachotumika zaidi ni milimita 31.7, ingawa baadhi ya darubini za zamani hutumia milimita 24.5. Anayevaa miwani kwa sababu ya kutoona mbali au karibu anaweza kuivua na kurekebisha fokasi, lakini mwenye astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayopotosha taswira, huenda akahitaji kubaki nayo, hasa kwenye ukuzaji mdogo, na kwake lenzi inayoruhusu jicho kukaa umbali wa milimita 15 au zaidi ni ya lazima.