Stuli ya Kufikia Rafu ya Juu: Yanayosemwa na Yalivyo

Rafu ya juu haifikiki, taa imeungua, mtoto hafikii sinki. Nyumba nyingi humaliza matatizo haya kwa kiti cha plastiki na maombi. Anayeamua kujitengenezea kifaa chake amefanya vizuri. Tabu huanza na ushauri anaopewa.

Ushauri wa kwanza huwa ni huu: "Tafuta mbao nene, stuli haitakuangusha." Si kweli. Stuli nyingi zinazoangusha watu hazivunjiki, hupinduka zikiwa nzima kabisa. Stuli husimama maadamu uzito wa aliye juu yake unabaki ndani ya eneo lililozungukwa na miguu yake pale sakafuni. Ukinyoosha mkono pembeni kufuata sufuria, uzito wako unahama, na ukivuka mstari wa miguu, mbao ngumu kuliko zote haitakusaidia. Ndiyo maana miguu hutakiwa itanuke kuelekea chini, ncha zake zifike usawa wa kingo za ubao wa juu au zizipite kidogo. Ubao ukichomoza nje ya miguu, siku utakapokanyaga ukingo stuli itabetuka. Na kadiri inavyokuwa ndefu, ndivyo chini panavyotakiwa pawe papana.

Unene una kazi yake, lakini ni kwenye ubao wa kukanyagia. Ukiongeza unene mara 2, bila kubadili urefu na upana, ubao utapinda sehemu moja tu ya nane ya ulivyokuwa ukipinda kwa uzito uleule. Mwenye mbao nyembamba anaweza kupata uimara huo kwa bei rahisi zaidi: kipande kingine kisimamishwe kwa ubavu chini ya ubao, kiende toka mguu hadi mguu. Kipande hichohicho kikilazwa husaidia kidogo kuliko kikisimama.

"Miguu minne ni imara kuliko mitatu." Hapa jibu ni ndiyo na hapana. Miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mabonde, kwa sababu yote hugusa chini daima. Lakini eneo lake ni pembetatu, hivyo ni rahisi kuiangusha kwa upande usio na mguu. Kwangu mimi, mitatu ni ya kukalia na minne ni ya kusimamia. Minne ikicheza, usianze kukata mguu mmoja mmoja kwa kukisia. Kuna stuli zilizoishia kuwa vibao vya kukalia kwa mtindo huo. Iweke mahali palipo sawa, ingiza vipande vyembamba chini ya miguu mifupi mpaka itulie, kisha laza penseli juu ya kipande cha mbao na uizungushe kwenye miguu yote minne. Alama hizo ndizo za kukatia.

Kuhusu vipimo, wengi hupima rafu wakasahau mtu. Anayepimwa ni mtumiaji mfupi kuliko wote, nyayo zikiwa chini, mkono juu. Kama anashika kitu vizuri kwenye sentimita 180 na rafu iko 205, anahitaji stuli ya 25, si ya 50. Ikizidi sana hapo, weka ngazi ya katikati, maana kupanda na kushuka ndiko kunakoponza, hasa mtu anaposhuka kinyumenyume na mikono imejaa.

Misumari mingi? Msumari huvumilia uzito unaoukandamiza kwa upande, lakini huchomoka upesi ukivutwa kwa urefu wake, na zaidi ukiwa umepigiliwa kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zinapoishia. Ukipanga misumari mitano kwenye mstari mmoja umeitafutia mbao ufa. Tumia skrubu na gundi ya mbao, toboa kwanza tundu jembamba, na hakikisha ubao wa juu umekaa juu ya miguu yenyewe, usiwe umening'inia kwenye misumari.

Meza fupi nayo huwekewa matofali chini ya miguu ili iinuke. Uzito tofali linauweza. Hatari ni mguu kuteleza pembeni mtu akisukuma meza. Kitako cha mbao chenye shimo la kuingizia mguu, kina chake sentimita 2 au 3, humaliza jambo hilo, mradi vitako vyote viwe na kimo kimoja.

Wapo wanaoona stuli ni usumbufu, mti mrefu wenye ndoano unatosha. Unatosha kwa vyepesi. Ukishika mti wa mita 1 uliolazwa, mkono mmoja mwishoni kabisa na mwingine sentimita 20 mbele yake, kitu cha kilo 1 kwenye ncha hulazimisha mkono wa nyuma ukandamize kwa nguvu ya kilo 4, na wa mbele ubebe 5, hapo uzito wa mti wenyewe haujahesabiwa. Nguo, pazia na mifuko mitupu ni kazi yake. Sufuria nzito ishushwe na aliyesimama kwenye stuli, au ihamie rafu ya chini, kazi isiyohitaji hata msumari mmoja.