Je, wajua kwa nini mbuga iliyochomwa hutoa maua kabla ya mvua?

Mwezi wa nane au wa tisa, pita kwenye mbuga ya miombo iliyochomwa wiki chache nyuma, iwe magharibi mwa Tanzania au kaskazini mwa Zambia. Ardhi bado nyeusi, mvua haijagusa, na katikati ya masizi kuna maua, mengine yamekaa chini kabisa bila jani hata moja.

Jibu la haraka ni majivu: moto umeweka mbolea. Linavutia, ila halisimami. Nitrojeni ya nyasi, sehemu kubwa, imepaa na moshi. Majivu yamebaki na kalisi, potasiamu na fosforasi, na hivyo havifiki mizizini mpaka maji yavishushe. Maji yenyewe yako wapi? Mbegu nazo tuziondoe: mche wa wiki tatu hauna ubavu wa kuchanua.

Maua hayo yanaishi kwa akiba ya zamani. Chini kuna matunguu, viazi na mashina ya miti iliyojizika. Mbura ni mti mkubwa wa kivuli. Ndugu yake, Parinari capensis, huchungulia sentimita chache tu, mbao zake zote ziko ardhini.

Mbona akiba hiyo ya chini haiivi moto ukipita? Pitisha kidole haraka juu ya mwali wa mshumaa: huungui. Kiache hapo, utajua. Moto wa nyasi hupita upesi, na udongo mkavu hupitisha joto kwa uvivu, kiasi kwamba sentimita 5 chini huongezeka nyuzi chache tu. Gogo likilala likateketea usiku kucha, hicho ndicho kidole kilichoachwa: udongo hubabuka ukawa mwekundu, na doa hilo halitoi ua.

Kinachoamsha mimea hakifanani kote. Cyrtanthus ventricosus, mmea wa tunguu wa Cape, Afrika Kusini, huitikia moshi na kuchanua ndani ya wiki mbili hivi. Huko Brazil kuna mimea ya nyika inayochanua hata ikifyekwa tu. Karrikini, kemikali ya moshi iliyotambuliwa Australia mwaka 2004, huamsha mbegu. Kuipa sifa za maua ya miombo ni kuharakisha mambo.

Tarehe ya kuchoma ina uzito wake. Mei au Juni nyasi zina unyevu, moto ni mdogo na huruka mabaka. Ukingoja Oktoba, machipukizi yameshatoka: yanaungua, na tunguu hulazimika kutoa akiba mara ya pili.