"Mfumo Umekataa": Fomu ya Kielektroniki Izuie Lini, Ionye Lini

Kila ukusanyaji wa takwimu za kilimo unapokaribia, simu za makarani wanaojaza fomu kwenye vishikwambi vijijini huongezeka, na neno ni lile lile: "Mfumo umekataa." Mfumo haukatai wenyewe. Kuna mtu ofisini aliyeuwekea kanuni ya kukataa, na kanuni hiyo huenda haikujua shamba.

Tarehe ya mavuno ambayo haijafika haiwezekani. Kijiji cha Wilaya ya Bahi hakiwezi kuwa katika Wilaya ya Kongwa. Hapo fomu izuie, hakuna mjadala.

Lakini zabibu? Mkulima wa Hombolo, Dodoma, huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mtama wa jirani yake unategemea mvua za Desemba hadi Aprili na huvunwa mara moja. Fomu iliyotungwa kwa kufikiria mtama ikizuia mavuno ya pili, karani atatafuta pa kupenya. Nimeyaona kwenye kishikwambi: zabibu za Agosti zimeandikwa "mazao mengine", kilo zake zimechanganywa na za ubuyu. Fomu ikapita bila alama yoyote nyekundu. Kosa la namna hiyo ndilo linaloniumiza, kwa sababu hakuna atakayelitafuta.

Jambo lisilo la kawaida lionywe tu. Na onyo liseme tatizo: "Umechagua hekta 5, yaani zaidi ya ekari 12. Ni sahihi?" Onyo linalosema "Hitilafu" peke yake hubonyezwa likapita bila kusomwa.

Karani akionywa, amuulize mkulima upya. Jibu likibaki lile lile, aandike sababu kwa maneno, kisha atume. Rekodi itamfikia msimamizi ikiwa na alama; msimamizi ataithibitisha au atairudisha kwa karani huyo huyo, naye atarudi kwenye kaya ile ile. Jibu lisibadilishwe ofisini. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, na maelezo ya "mfumo ulinilazimisha" hatuyapokei.

Kwa wakulima: kishikwambi hakikadirii kodi. Tumelisema hili mara nyingi mno. Anayetaja ekari 2 badala ya 6 kwa hofu hiyo, hakuna programu itakayomgundua, maana ekari 2 ni jibu linalowezekana kabisa.

Ukizuiwa kuandika jambo la kweli, piga picha ya skrini, iandike namba ya swali, mpelekee msimamizi siku hiyo hiyo. Kizuizi cha zabibu tulikiondoa kwa picha moja ya namna hiyo.